Kamba ya Bluu kwenye Jiwe la Kasimama

"Wale watu hawapandi jiwe kwa michezo. Wanatafuta mali ya Mjerumani."

Maneno hayo niliyasikia bombani siku ya Jumanne, na tangu niliposikia hayakunitoka. Nikikata majani ya ng'ombe, yapo. Nikichuma kahawa, yapo. Hata Jumapili kanisani, padri anahubiri na mimi nawaza mali ya Mjerumani. Aliyeniambia ni jirani yangu Violet, mama yake Shedrack. Kihamba chake na changu, yaani mashamba yetu ya nyumbani, vinatenganishwa na mfongo tu, ule mfereji unaoleta maji kwenye migomba.

Hapa kwetu Kilema, chini ya migomba ya mwisho, ardhi inakatika ghafla na kuna korongo lenye mto. Katikati ya korongo limesimama jiwe moja peke yake. Haligusi ukuta wa huku wala wa kule. Ukipanga migomba mitano, mmoja juu ya mwingine, labda utakifikia kichwa chake. Wazee waliliita Kasimama na sisi tunaliita hivyo hivyo. Zamani hakuna aliyekuwa na shida nalo. Tulikata majani miguuni pake tukaenda zetu.

Halafu mwaka juzi wakaanza kuja watu wenye kamba. Wengine ni wageni kutoka ng'ambo, wengine ni vijana wetu wa Moshi mjini. Jumamosi utawaona wamevaa kofia ngumu na mikanda ya kiunoni na mapajani, wanapanda Kasimama polepole asubuhi nzima. Mmoja akifika juu anakaa muda wa kunywa kikombe cha chai, halafu anashuka. Mikono mitupu. Anacheka.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Juu hakuna ndizi, hakuna asali, hakuna kuni. Mtu anahangaika asubuhi nzima, anashuka hana kitu, anacheka. Anacheka nini?

Violet alikuwa na jibu.

"Umeviona vile vyuma?" aliniuliza, ndoo yake imejaa na maji yanamwagika, hana habari. "Vimepigiliwa kwenye jiwe kutoka chini hadi juu, vimepangwa kama vifungo vya shati. Zile ni alama. Mjerumani alipokimbia vita alificha mali, akaacha alama ili arudi. Sasa wajukuu zake wamekuja kuitafuta."

"Lakini vyuma vyenyewe vinang'aa, Mama Shedrack. Chuma cha Mjerumani si kingekuwa na kutu?"

"Chuma cha Mjerumani hakishiki kutu, wewe! Ndiyo maana ni cha Mjerumani."

Nilichukua ndoo yangu nikarudi nyumbani, nusu naamini, nusu siamini.

Nyumbani kwangu siku ni zile zile. Binti yangu Leonia ana miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita. Asubuhi anafagia uwanja, anamwekea ng'ombe maji, anakunywa uji, anakimbia shule. Akirudi anakata vipande vya mgomba vya kuchanganya na majani ya ng'ombe, kisha anaosha vyombo. Baba yake, Valerian, anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa huko chini tambarare, na anarudi mara moja kwa mwezi. Leonia ameweka alama za mkaa nyuma ya mlango, anahesabu Jumamosi mpaka baba yake aje. Mtoto wa kumsumbua mtu, si yeye. Ndiyo maana naandika habari hii, ili ninyi watoto wasikivu msidhani mambo haya huwapata watundu tu.

Jumamosi moja mwezi wa nane, kijana mmoja wa wale wenye kamba alipita uwanjani kwangu. Anaitwa Basili. Anaishi Majengo, Moshi mjini, na ndiye anayefundisha wenzake kupanda.

"Shikamoo mama. Naomba maji ya kunywa."

"Marahaba. Kaa hapo kwenye benchi."

Alikunywa vikombe viwili. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa kamba nene ya bluu yenye nyuzi nyekundu, imekunjwa vizuri, inapendeza kuitazama.

"Mama, tunakusumbua kila wiki tunapita hapa. Chukua hii. Tumeshaistaafisha. Anikia nguo, au fungia mzigo wa majani. Lakini mtu asiitegemee, mama. Isimbebe mtu." Akaniandikia na namba yake ya simu. "Ukiona watoto wanachezea lile jiwe, nipigie tafadhali."

Niliipokea, nikashukuru. Kichwani mwangu lakini nikawaza: kamba nzima kama hii, haina hata uzi uliochomoka, mtu anaitoa bure? Ananiziba mdomo huyu. Wameona kwamba mimi nakata majani pale chini, nawaona wanachofanya. Lile neno lake kwamba isimbebe mtu lilipita sikio hili likatokea lile. Nikaifunga kamba kutoka kwenye mparachichi mpaka kwenye nguzo ya zizi, nikaanika mashuka.

Jioni ile Violet alikuja kuiangalia. Aliivuta, akaipima uzito mkononi.

"Unaona? Nilikwambia. Mtu hatoi kitu kama hiki bure. Wamekaribia kuipata."

"Kuipata nini?" aliuliza Leonia. Alikuwa amechuchumaa palepale karibu nasi anaosha sufuria, nasi tulikuwa tumemsahau.

"Mali ya Mjerumani, mwanangu," akasema Violet.

Leonia akanigeukia. "Mama, ni kweli Kasimama lina mali?"

"Nyamaza. Hayo ni mambo ya wakubwa. Osha vyombo."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Ukweli ni kwamba sikujua, ila niliona aibu kumwambia mtoto kwamba sijui. Akanyamaza kama nilivyomwambia. Mimi nikadhani yamekwisha.

Yaliyofuata nilikuja kuyajua baadaye, kutoka kwa watoto wenyewe. Kesho yake Leonia alimsimulia Shedrack njiani. Shedrack ana miaka kumi na mitatu, wanasoma darasa moja.

"Mama yako alisema hakuna?" Shedrack aliuliza.

"Hakusema hakuna. Alisema ninyamaze."

"Basi ipo! Wakubwa wakisema nyamaza, ujue kitu kipo."

Wakakaa kwenye ukingo wa mfongo wakapanga.

"Tukipata," alisema Leonia, "baba hatarudi tena kwenye miwa. Atakaa nyumbani kila siku."

"Mimi nitanunua pikipiki."

"Ya kwenda nayo wapi? Hata miguu haifiki chini."

"Si ya kwenda popote. Ya kukaa juu yake tu, watu wanione."

Walijua nyuma ya Kasimama, upande unaotazama ukuta wa korongo, kuna mizizi mikubwa ya mkuyu iliyolishika jiwe. Mtu mwepesi anaweza kupanda kwa mizizi hiyo mpaka kwenye ubao wa jiwe, mahali panapotosha watu wawili kukaa. Juu ya hapo kuna vile vyuma. Waliona wenye kamba wakipitisha kamba kwenye chuma na kuning'inia kama popo. Jambo lenyewe likaonekana rahisi. Kilichokosekana ni kamba, na kamba ilikuwa uwanjani kwetu, imebeba mashuka.

Siku ya Alhamisi Leonia aliniambia, "Mama, leo nitachelewa. Tuna masomo ya ziada kwa Mwalimu Wilson."

"Haya. Usisahau daftari."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwangu, na mimi nikamkumbusha daftari.

Saa tisa na nusu hivi nilitoka kuchuma kahawa. Nilipofika uwanjani nilisimama na kikapu kichwani. Mashuka yangu yote yalikuwa yametandazwa juu ya mibuni, moja moja, yamenyooshwa vizuri. Kamba haipo.

Nilizunguka nyumba mara mbili. Akili haikushika. Mwizi gani anachukua kamba anaacha mashuka? Tena anayatandaza yasichafuke? Nikamwita Violet.

"Ni yule kijana," akasema, bila hata kufikiri. "Amerudi kuchukua kamba yake. Kumbe ndani ina kitu! Si niliipima, nikaiona nzito?"

"Kitu gani kitakaa ndani ya kamba, Mama Shedrack?"

"Ramani."

Ninyi mnaosoma mnaweza kucheka. Mimi sikucheka. Tulisimama pale wanawake wawili wazima, tunajadili ramani iliyo ndani ya kamba, na dakika zinakwenda. Hakuna aliyewaza watoto. Nilichukua simu nikampigia Basili.

"Shikamoo mama."

"Usinipe shikamoo yako! Ukitoa kitu umetoa! Unarudi nyuma ya mgongo wangu kukichukua kama mwizi?"

"Mama, sijaelewa. Mimi niko Himo. Sijafika huko tangu Jumamosi."

"Kamba iko wapi?"

Sauti yake ikabadilika.

"Mama. Kamba haipo?"

"Haipo! Ndiyo nakwambia!"

"Mwanao yuko wapi?"

"Yuko kwa Mwalimu Wilson, masomo ya ziada. Mwanangu anahusikaje?"

Violet akanishika mkono. "Mwalimu Wilson? Nimempita sasa hivi dukani, ananunua vocha."

Kikapu cha kahawa kilianguka. Sikumbuki kukiachia.

"Mama, nisikilize vizuri," Basili alisema. "Nenda korongoni sasa hivi. Usipande, na usimruhusu mtu mwingine apande. Kama kuna mtoto juu, asishuke kwa ile kamba. Akae hapo hapo alipo. Umenielewa? Akae. Mimi nakuja na pikipiki."

Tulikimbia kwenye njia ya majani, mimi na Violet, viatu vilibaki njiani. Tulipotokea ukingoni mwa mto, Shedrack alikuwa chini ya Kasimama analia, ameshika mundu wa kwao mkononi, eti wa kuchimbia.

"Mama Leonia, ameshindwa kushuka! Anasema miguu haioni mizizi!"

Niliinua macho. Mwanangu alikuwa juu kwenye ule ubao wa jiwe, na sare yake ya shule, mdogo kama ndege. Ni juu kuliko paa la kanisa. Alikuwa ameshaifunga kamba ya bluu kwenye chuma, na mwisho wake mwingine ulikuwa umemzunguka kiunoni, fundo lile lile tunalofungia mzigo wa majani. Alikuwa amegeuza mgongo, mguu mmoja unatafuta pa kukanyaga nje ya ukingo.

"Leonia! Usishuke! Kaa!"

Mto pale una kelele. Sauti yangu haikumfikia hata nusu. Aliniona tu. Nikaanza kumwashiria kwa mikono yote miwili, viganja vikitazama chini, napiga hewa: tulia, tulia, kaa. Ninyi mnajua ishara hiyo. Lakini mnajua pia kwamba tukimwita mtu aje, tunafanya mkono hivyo hivyo. Yeye kule juu aliona mama yake amekuja, amekasirika, anamwita ashuke upesi. Akaanza kuharakisha. Nilivyozidi kupunga ndivyo alivyozidi kuharakisha. Violet naye alikuwa anapiga mayowe na kurukaruka kando yangu. Mguu wa pili wa Leonia ukatoka kwenye ukingo. Akawa amelala kwa tumbo, nusu juu, nusu hewani.

Nikashusha mikono.

Sijui nilipata wapi wazo lile. Nilifungua kitenge changu cha juu, nikakitandika kwenye majani, nikakaa chini. Nikanyoosha miguu kama mtu aliyekuja kuota jua.

"Violet, njoo ukae hapa mbele yangu nikusuke."

"Umerukwa na akili? Mtoto yuko..."

"Kaa!"

Akakaa. Nikamvua kilemba, nikaanza kuzifumua nywele zake. Mara mbili nilimvuta masikio badala ya nywele. Nikamwambia Shedrack aje akae pembeni yetu. Sikumtazama Leonia moja kwa moja. Niliinua jicho kidogo tu, kama mtu asiye na haraka.

Hakuna anayesuka nywele akiwa na haraka. Kila mtoto wa kike anajua: mama akianza kusuka, hapo ni jioni nzima. Leonia alitutazama. Aliacha kusogea. Halafu, taratibu, mguu mmoja ukarudi juu, na wa pili. Akajivuta, akageuka, akakaa kwenye ule ubao, mgongo ukigusa jiwe, magoti kifuani.

"Amekaa?" Violet aliniuliza kwa kunong'ona. Alikuwa amefumba macho.

"Amekaa. Usigeuke."

Nilimsuka Violet mistari minne na nusu, mibaya kuliko yote niliyowahi kusuka. Ukungu ulianza kushuka kutoka mlimani. Niliogopa utamfunika nisimwone. Nilisali Salamu Maria bila kutikisa midomo, asije akaona nasali akajua kwamba naogopa.

Basili alifika karibu na saa kumi na moja, pamoja na binti mmoja aitwaye Beatha, ambaye pia hupanda. Hawakutusalimia wala kutugombeza. Walitazama juu, wakavaa mikanda na kofia zao. Beatha alisimama chini ameishika kamba ya Basili, haondoi macho hata inzi alipomtua shavuni. Basili alipanda upande wa vyuma, na kila alipofika kwenye chuma aliunganisha kamba kwanza, ndipo akasogea. Ndiyo nikajua kumbe vyuma vile ni vya kumzuia mtu asianguke mpaka chini. Alimfikia mwanangu, akakaa naye kidogo wakizungumza, akamvisha mkanda na kofia. Kisha Leonia akateremshwa polepole, akizunguka hewani kama kikapu.

Miguu yake ilipogusa majani sikumpiga, sikumkumbatia. Nilimshika tu mikono yote miwili nikabaki nimeishika. Ilikuwa baridi.

"Mama, ulikuwa unamsuka Mama Shedrack," alisema, meno yakigongana.

"Ndiyo."

"Nikajua hujakasirika."

"Nimekasirika sana," nikamwambia, na hapo ndipo nilipolia.

Basili alishuka na ile kamba ya bluu. Alikaa chini akaipitisha kwenye vidole vyake taratibu, kama mtu anayetafuta vijiwe kwenye mchele. Akafika mahali akasimama.

"Shika hapa, mama. Minya."

Nilishika. Huku na huku kamba ilikuwa ngumu, lakini pale palikuwa palegevu, kama mkono wa shati usio na mkono ndani. Alitoa kisu akalichana ganda la nje. Ndani nyuzi nyeupe zilikuwa zimekatika karibu zote.

"Mwezi wa sita jiwe liliangukia hapa. Nje huoni kitu. Kwa nguo inatosha kabisa." Akamtazama Leonia, kisha akaniangalia mimi. "Kosa ni langu pia. Ilinipasa niikate vipande vifupi kabla sijakupa. Nilidhani kusema kunatosha."

"Ulisema," nikamjibu. "Mimi sikusikiliza. Nilidhani unaniziba mdomo."

"Nikuzibe mdomo kwa lipi?"

Hapo Violet akashindwa kuvumilia. "Kwa zile alama! Vyuma vya Mjerumani!"

Beatha alianza kucheka, akaona uso wa Violet na mistari yake minne na nusu, akajikaza. Basili alikuna kichwa.

"Mama, vile vyuma nimevipigilia mimi. Mwaka juzi, kwa drili ya betri. Mzee wa mtaa alitupa ruhusa."

"Na kule juu kuna nini?" aliuliza Shedrack kwa sauti ndogo.

"Majani. Na mavi ya kunguru."

"Basi mnapanda kutafuta nini?" nikauliza, maana hilo ndilo lililonisumbua tangu mwanzo.

"Hata mama yangu ananiuliza hivyo. Ni mchezo, mama, kama mpira. Mtu anaukimbilia mpira dakika tisini, na mwisho hauli."

Mpaka leo sijaelewa vizuri. Lakini siku hizi nikiwa sijaelewa kitu nasema sijaelewa, sijazi pengo kwa maneno ya bombani.

Jumamosi Valerian alirudi, nilikuwa nimempigia simu. Hakuvua hata koti. Alimkalisha Leonia kwenye benchi, akamwita na Shedrack. Mwalimu Wilson alikuja pia, maana jina lake lilitumika kwenye uongo bila yeye kujua.

"Nani alikwambia kuna mali?" Valerian alimuuliza Leonia.

"Mama Shedrack."

"Wewe ukamuuliza nani kama ni kweli?"

"Nilimuuliza mama."

"Akakujibu nini?"

Leonia aliangalia chini. Hakutaka kunisema. Ikabidi nijiseme mwenyewe.

"Nilimwambia anyamaze. Nilikuwa sijui, nikaona haya."

Valerian akamshika Leonia bega.

"Ulitaka hiyo mali ya nini?"

"Usirudi kwenye miwa."

Mume wangu si mtu wa machozi. Alisimama, akaenda kumwangalia ng'ombe, akarudi.

"Leonia, mwanangu. Mimi kule kwenye miwa, jua likiniwakia, najua kitu kimoja: nikifika nyumbani, upo. Ndiyo mali yangu. Ungeanguka, ningerudi kwa nani? Uliposikia jambo ulifanya vizuri, uliuliza. Usipopata jibu, usijitengenezee la kwako. Uliza mwingine. Ungemuuliza Mwalimu, ungemuuliza Basili mwenyewe, ungenipigia simu mimi. Na ukianza kudanganya mahali unapokwenda, jua kwamba unakokwenda hakufai, hata wewe mwenyewe unajua." Akanigeukia mimi na Violet. "Na sisi wakubwa, neno tusilolijua tusilitembeze. Linafika kwa mtoto, na mtoto ana miguu."

Mwalimu Wilson akasema kwamba watoto wote wawili watasimulia habari hiyo darasani, kuanzia uongo hadi ukungu, bila kuficha. Na walisimulia. Shedrack aliomba ile sehemu ya pikipiki iachwe. Mwalimu alikataa.

Mimi nami nilikuwa na deni la maneno. Nilimwita mtu mwizi kwenye simu, akaja kumwokoa mwanangu. Kwetu ukimkosea mtu hivyo, huendi na mdomo mtupu. Nilikata jani la isale, lile la kuombea msamaha, nikamngoja Basili alipokuja Jumamosi iliyofuata, nikampa. Alilipokea kwa mikono miwili. "Yamekwisha, mama," akasema, akaomba maji.

Mwalimu aliniomba niandike mambo ya kuepuka ili yabandikwe ukutani darasani. Ndiyo haya:

Usipande jiwe, ukuta wa korongo au mti mrefu kwa sababu umeona wengine wanapanda. Wao wamefundishwa, na kuna mtu chini anawashikilia.

Usiitegemee kamba usiyoijua ilikotoka. Kamba nzuri kwa macho inaweza kuwa imekatika ndani.

Usijifunge kiunoni fundo la kufungia mzigo wa majani.

Usiguse vyuma vilivyopigiliwa kwenye mawe, wala usivichimbue. Si alama za mali.

Usipande mahali ambapo huwezi kuona utakavyoshuka. Ukikwama, usijaribu tena na tena. Kaa, ungoje mkubwa.

Usimwache mwenzako peke yake hatarini, na usibaki unalia bila kuita watu. Mmoja akikwama, mwingine akimbie kuita.

Usiamini maneno ya bombani mpaka umuulize anayejua.

Wazazi, msimwambie mtoto "nyamaza" wakati jibu lenu ni "sijui".

Usiseme uko kwa mwalimu wakati hupo kwake. Ukitafutwa, watu wataanza kukutafuta mahali ambapo hupo.